Kusoma nota ukiwa tayari unaimba: mwongozo wa mwanakwaya wa Moshi

Niliimba besi miaka kumi na moja kabla sijaweza kusoma nota hata moja. Katika kwaya yetu hapa Moshi, mwalimu alikuwa anapita kundi kwa kundi: soprano, alto, teno, na besi mwisho kabisa, saa mbili za usiku, watu wamechoka na wengine wanaiwahi Hiace ya mwisho ya kupanda Kibosho. Anatuimbia, tunarudia, tunashika. Karatasi tulikuwa nazo mkononi, lakini tulisoma maneno tu. Zile nukta nyeusi zilizo juu ya maneno tulizichukulia kama mapambo.

Mwalimu akahamishwa kikazi. Hapo ndipo tulipojua kwamba nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake. Kabati limejaa karatasi, na kati ya watu thelathini hakuna anayeweza kuichukua hata moja akaigeuza kuwa wimbo. Miezi mitatu tuliimba nyimbo zilezile sita. Ninakuandikia wewe uliye pale tulipokuwa sisi: una sikio, una sauti, do re mi unaijua kwa kuisikia, ila karatasi haisemi nawe. Huna haja ya kuanza kama mtoto. Sehemu ngumu, ile ya kuitambua sauti na kuishika, umeshaimaliza.

Hatua ya kwanza: vitu vya kuandaa

Daftari la kawaida la mistari, penseli, kifutio, na kopi ya wimbo mmoja wa sauti nne unaoujua kabisa. Wimbo usiwe mgeni. Chagua ule unaoweza kuuimba huku unamenya ndizi za mtori na usikosee popote. Omba karatasi yake kwa mwalimu, kaitoe kopi steshenari, hiyo kopi iwe yako ya kuchorachora.

Kinanda si lazima. Programu ya bure ya kinanda kwenye simu inatosha kukupa sauti ya kuanzia. Daftari la muziki nalo si lazima: kwenye daftari la kawaida hesabu mistari mitano, ruka mitatu, hesabu tena mitano. Nafasi zake ni pana, na kwa anayeanza upana huo ni msaada.

Jipangie dakika kumi na tano kila siku. Saa mbili za Jumamosi peke yake hazifiki mbali, kwa sababu jicho husahau haraka kuliko sikio.

Hatua ya pili: anza na miguu

Wengi hukimbilia majina ya nota. Mimi nakushauri uanze na muda, yaani nota inakaa mapigo mangapi. Katika kwaya, anayeteleza sauti kidogo lakini yuko kwenye pigo lake atasaidiwa na wenzake na atarudi. Aliyetoka kwenye pigo anawavuruga hata waliokuwa sawa.

Urefu wa nota ni hesabu ya sokoni. Nenda Mbuyuni ukanunue maharage: kuna sado, kuna nusu sado, kuna robo. Nota nazo ni hivyohivyo. Nota nzima ina kichwa cheupe kisicho na kijiti. Inakaa mapigo manne. Nota nusu ina kichwa cheupe chenye kijiti; mapigo mawili. Nota robo ina kichwa cheusi chenye kijiti, pigo moja. Ukiona kichwa cheusi chenye kijiti na kimkia, hiyo ni thumuni, sehemu ya nane ya nzima, nayo inachukua nusu ya pigo. Thumuni mbili zikifuatana, mara nyingi vimkia vyao huunganishwa kwa ufito mmoja mnene juu au chini. (Wazee wa pwani wangekupimia kwa pishi, kisaga na kibaba, na hesabu ingekuwa ileile: pishi moja ni visaga viwili, ni vibaba vinne.)

Nukta ikiwekwa kuliani mwa nota, inaiongezea nusu ya urefu wake. Nota nusu yenye nukta inakaa mapigo matatu. Robo yenye nukta inakaa pigo moja na nusu. Hapa ndipo kwaya nyingi huburuza au huwahi, kwa hiyo pachunge tangu mwanzo. Kila urefu pia una alama yake ya kunyamaza, na kunyamaza kunahesabiwa sawasawa na kuimba.

Sasa zoezi. Nilijifunzia barabarani, nikitoka kazini kwenda Rau kwa miguu. Kila hatua ni pigo moja. Nota robo unasema "ta" kwa kila hatua. Nota nusu "ta-a", hatua mbili. Nota nzima "ta-a-a-a", hatua nne. Thumuni mbili ni "ta-te" ndani ya hatua moja. Chukua mstari wako wa wimbo unaoujua, uusome hivyo bila sauti za wimbo, ta na te tupu, hadi miguu isisite. Mimi ilinichukua wiki mbili. Jirani mmoja alidhani nasali.

Mwanzoni mwa mistari utaona tarakimu mbili zimepandana. Ya juu inasema mapigo mangapi yamo katika kila kipimo, yaani kile chumba kati ya vijiti viwili vya wima ambavyo wengine huviita baa. Ya chini inasema pigo moja ni nota ipi: 4 ni robo, kama tulivyohesabu hadi hapa, 8 ni thumuni. Kwa hiyo 4/4 ni robo nne kwa kipimo, na 3/4 ni robo tatu. Ukikuta 6/8, zipo thumuni sita, lakini usizihesabu moja moja. Zihisi kama mibembeo miwili yenye tatu tatu ndani yake. Nyimbo nyingi zenye mwendo wa ngoma huandikwa hivyo, na mwili wako tayari unaujua mwendo huo hata kama jicho halijautambua.

Kama umewahi kuimba kwa karatasi za solfa, zile za herufi d, r, m, unayajua haya kwa sura nyingine. Nukta pacha zinazotenganisha mapigo na kile kistari cha kuendeleza sauti vinafanya kazi ileile ya vijiti na vimkia.

Hatua ya tatu: mistari mitano

Mistari ni mitano, nafasi kati yake ni nne, na vyote huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Nota hukaa ama juu ya mstari, mstari ukiipasua katikati, ama ndani ya nafasi. Kupanda kwenye karatasi ni kupanda kwa sauti. Majina yake ni herufi saba, A hadi G, kisha zinaanza upya.

Alama kubwa ya mwanzoni ndiyo ufunguo, nayo hukuambia mstari upi ni herufi ipi. Ufunguo wa G, ule uliojikunja kama konokono, unauzunguka mstari wa pili: huo ni G. Ni wa soprano na alto. Ufunguo wa F una nukta mbili zinazoubana mstari wa nne: huo ni F. Ni wa besi, na mara nyingi teno pia.

Nilijitungia maneno ya kukumbuka, nawe yatumie. Mistari ya ufunguo wa G, kutoka chini: Eti gari bovu, dereva fundi. E, G, B, D, F. Mistari ya ufunguo wa F: Gari bovu, dereva fundi, akalala. G, B, D, F, A. Nafasi za ufunguo wa G: Frida amepika chai, Eliya. Nafasi za ufunguo wa F: Amepika chai, Eliya, gonga! Utaona kwamba sentensi ni ileile, imesogezwa tu. Ni mfululizo mmoja wa herufi unaotazamwa kupitia madirisha mawili.

Madirisha hayo yanakutana kwenye C ya kati. Katika ufunguo wa G, nota hiyo inaning'inia chini ya mistari mitano kwenye kimstari chake kifupi. Katika ufunguo wa F inakaa juu ya mistari, nayo ina kimstari. Ni sauti moja. Soprano akishuka hadi hapo na besi akipanda hadi hapo, wanasalimiana.

Usikeshe na herufi hizi. Zikariri siku tatu nne, kisha endelea, maana hutaimba kwa herufi. Utaimba kwa do re mi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Hatua ya nne: itafute do

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo aliona waimbaji wa kanisa wakipoteza miaka mingi wakikariri nyimbo kwa sikio. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande cha mwanzo kinaanza hatua moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo kama majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa Norwich na baada yake John Curwen wakazigeuza silabi hizo kuwa mfumo wa solfa, ambao wamisionari waliusambaza sehemu nyingi za Afrika. Ndiyo maana bibi yako aliyeimba kanisani anaweza kukuimbia do re mi na hajawahi kuona kinanda kwa karibu. Tatizo la Guido lilikuwa hili letu, la Ijumaa usiku kwenye mazoezi.

Katika solfa yetu do inahama. Wimbo ukiwa chini, do inashuka nao. Ukipandishwa kii, do inapanda nao. Kwa hiyo swali la kwanza unapoishika karatasi mpya ni moja: leo do imekaa wapi?

Jibu liko kati ya ufunguo na tarakimu za mapigo. Tazama alama zilizopangwa hapo. Kama hakuna alama, do ni C. Kama ni shapu, zile zinazofanana na uzio mdogo, tafuta ya mwisho upande wa kulia: hapo ndipo ilipo ti, na do ni hatua moja juu yake. Shapu moja iko kwenye F, basi do ni G. Kama ni flati, zile zinazofanana na b ndogo, ya mwisho kulia ni fa. Shuka nayo, fa, mi, re, do. Flati moja iko kwenye B, basi do ni F. Flati zikiwa mbili au zaidi kuna njia ya mkato: ile ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe.

Ukishaipata, chukua penseli uchore kiduara kila mahali nota ya do inapotokea kwenye mstari wako, ukurasa mzima. Kisha shika kanuni hii, ambayo mimi nilifundishwa na dada mmoja mpiga kinanda na ambayo ilinifungulia kila kitu: do ikikaa mstarini, mi na so nazo ziko mistarini, do ikikaa nafasini, mi na so nazo ziko nafasini. Do, mi na so ni ndugu wanaokaa upande mmoja. Do ya juu, ile ya nane, ndiyo inayobadili upande.

Jaribu. Ufunguo wa G, shapu moja. Do ni mstari wa pili, mi wa tatu, so wa nne. Re iko nafasini kati ya do na mi, fa kati ya mi na so. Besi wenzangu, chukueni ufunguo wa F, flati moja: do ya chini imejibana chini kabisa ya mstari wa kwanza, mi iko nafasi ya kwanza, so nafasi ya pili, na do ya juu inakalia mstari wa nne, ule wenye nukta mbili za ufunguo. Imba do mi so do huku kidole kinazigusa. Rudi chini. Fanya hivyo hadi kidole na koo vifike pamoja.

Kuna jambo moja karatasi inakuficha. Nafasi zote zinaonekana sawa, lakini mi na fa zimekaribiana, na ti na do zimekaribiana. Kati yao ni nusu hatua tu. Sikio lako linajua, liamini. Ukitazama kinanda utaona: kati ya E na F hakuna kitufe cheusi, wala kati ya B na C.

Na ukikuta wimbo wa huzuni unaoishia la badala ya do, usishtuke. Do iko palepale ulipoitafuta. Wimbo umechagua la kuwa nyumbani kwake.

Hatua ya tano: soma umbali

Anayesoma vizuri hataji kila nota jina. Anaona umbali. Kutoka mstari hadi nafasi inayofuata ni hatua: do re, re mi. Kutoka mstari hadi mstari unaofuata, au nafasi hadi nafasi, ni kuruka moja: do mi, re fa. Kuruka mstari mmoja kabisa, mstari wa kwanza hadi wa tatu, ni do so. Hiyo ya mwisho besi tutaikuta kila ukurasa, maana kazi yetu kubwa ni kutembea kati ya do, fa na so.

Sasa fungua ule wimbo unaoujua. Uimbe kwa solfa, polepole, kidole kikifuata. Sauti utaijua kabla jicho halijaisoma, na hivyo ndivyo tunavyotaka: sikio linalifundisha jicho. Baada ya wiki, anza kipimo cha katikati ambacho hukukichagua wewe. Mwombe mtu afumbe macho, aweke kidole popote, nawe uanzie hapo. Hapo ndipo utakapojua kama unasoma au unakariri.

Onyo moja nalisema kwa uchungu. Usiandike d, r, m chini ya kila nota kwa zaidi ya wiki mbili. Niliandika hivyo mwaka mzima, karatasi zangu zikajaa herufi, na jicho langu likawa linasoma herufi. Nilipopewa karatasi safi nilikuwa palepale nilipoanzia. Andika do peke yake. Zikishakaa, futa hata hizo.

Hatua ya sita: alama za njiani

Shapu au flati ikitokea katikati ya wimbo, inatawala hadi mwisho wa kipimo kile, si zaidi. Naturali inairudisha nota kwenye hali yake ya kawaida. Mara nyingi utakayoikuta ni fa iliyopandishwa, ambayo wa solfa huiita fe. Iimbe kana kwamba ni ti inayotafuta so. Nukta mbili mbele ya kijiti kinene ni rudia. D.C. ni rudi mwanzo, D.S. ni rudi kwenye alama, Fine ni mwisho. Nyusi yenye nukta ndani yake ni kaa hadi mwalimu akuachie. Mengine utayauliza yakitokea.

Hatua ya saba: tafuta mstari wako kwenye sauti nne

Karatasi nyingi za kwaya hubana sauti nne kwenye mafungu mawili ya mistari mitano. Juu, nota zenye vijiti vinavyotazama juu ni za soprano, vinavyotazama chini ni za alto. Chini yake, vijiti vya juu ni teno, vya chini ni besi. Mkikuta nota moja ina vijiti viwili, juu na chini, mnaimba pamoja sauti ileile. Teno akipewa ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake, anaimba nane moja chini ya ilivyoandikwa, yaani umbali wa do hadi do inayofuata.

Ukikwama, Moshi ina watu. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na ile desturi ya Kijerumani ya kupiga tarumbeta kanisani ikaota mizizi huku. Vijana wa tarumbeta wa usharika fulani karibu nawe huenda wanasoma nota kila wiki. Mpiga kinanda wa parokia naye atakusaidia ukimwahi kabla ya ibada na si baada, akiwa na njaa. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River kabla ya kufika Arusha, kinafundisha muziki hadi shahada. Nyumbani, programu ya bure iitwayo MuseScore itakupigia mstari wowote utakaouandika. Itumie kujisahihisha baada ya kuimba. Ukiisikiliza kwanza, umerudi kwenye kukariri.

Hatua ya nane: wimbo usioujua

Mwezi wa pili au wa tatu, chukua karatasi ambayo hujawahi kuisikia. Kabla ya kufungua kinywa, uliza kwa mpangilio huu: mapigo mangapi? Do iko wapi? Ninaanza na sauti gani, na ninamalizia gani? Pako wapi pale pagumu? Pasome pale pagumu peke yake mara tatu, kwa ta na te, kisha kwa solfa. Ndipo uanze mwanzo, kwa mwendo wa polepole kuliko unavyodhani unahitaji. Maneno yaje mwisho.

Peleka penseli mazoezini. Ukikosea mahali pamoja mara mbili, pazungushie. Na siku mnapoimba pamoja ukapotea, maana utapotea, usirudi nyuma kutafuta nota uliyoikosa, imeshapita. Nyamaza, hesabu na wenzako, weka jicho kwenye kipimo kinachofuata, na pigo la kwanza likifika, ingia.